Ua la bahari lenye kuogopa shaba

Wazee wenye kutafuta madini zamani katika Katanga yetu walikuwa wanatazama kwanza maua. Kuna kamuti kadogo wataalamu wanaita Haumaniastrum. Watu wa mine walikaita tu ua la shaba. Mahali udongo umejaa shaba mpaka miti mikubwa inakataa kuota, hako kamuti kanaota bila shida. Mutafutaji alipoona limeenea juu ya kilima kisicho na miti, alijua chini kuna kazi.

Leo naandika juu ya ua lingine, lenye kufanya kinyume kabisa. Linaitwa anemoni ya bahari, na kwa kweli si ua, ni nyama. Haina kichwa, haina mifupa, haina damu. Iko na muguu moja mupana wa kushika ku jiwe, tumbo, mudomo moja wa kula na wa kutupa uchafu palepale, na kuzunguka mudomo, mikono mingi laini kama vidole. Watu wa pwani wanaita mikono hiyo minyiri. Kila munyiri umejaa mishale midogo sana ya sumu, yenye kulala imekunjwa, na inafyatuka samaki mudogo akigusa.

Najua mutauliza: sisi wa Kapata, na bahari iko mbali zaidi ya kilomita 1,600 kwa njia ya gari la moshi mpaka Lobito, tunaingia namna gani mu habari ya anemoni? Tunaingia kwa mulango wa salon. Siku hizi mu Kolwezi akwariumu zinaanza kuonekana: ku hoteli, ku ofisi za wakubwa, na sasa hata ku nyumba za wafanyakazi. Wageni wenye kumaliza kontra wanauza vitu vyao mbele ya kurudi kwao, na kati ya fotei na frigo mara unakuta sanduku ya vioo na maji ya chumvi. Watoto wakiona yule samaki wa rangi ya machungwa na mistari meupe wanapiga kelele "Nemo!" juu ya ile filme ya 2003, na baba anashindwa kukataa.

Kamarade moja, mekanisien, alinunua sanduku ya namna hiyo: lita 200, samaki wawili, anemoni moja kubwa kama sahani. Binti yake wa miaka kumi na mbili njo alikuwa anaichunga, na aliichunga vizuri kuliko wakubwa wengi. Kiisha samaki wakapata ugonjwa wa madoadoa meupe. Baba akanunua chupa ya dawa ya bluu, akahesabu matone sawa na karatasi ilivyosema, akatia. Samaki wakapona. Siku ya pili anemoni ikakunjamana, siku ya tatu muguu wake ukaacha jiwe, mudomo ukabaki wazi, na jioni nyumba yote ikanuka. Mutoto akalia. Baba akaniambia: "Lakini dawa ilikuwa ya muzuri, samaki wako wazima!"

Ile bluu, mutu wa usine angeitambua kwa macho. Ilikuwa sulfati ya shaba.

Hapa njo sisi watu wa mine tunaweza kuelewa mambo kupita wale wenye kukaa ku pwani, juu hesabu ya shaba mu maji ni hesabu yetu ya kila siku. Dawa ya samaki wa bahari inafanya kazi ikifika karibu miligramu 0.15 mpaka 0.20 za shaba kwa lita. Kipimo hicho kinaua kidudu chenye kuleta madoadoa na samaki anavumilia. Anemoni haivumilii. Matumbawe pia, kamba pia, konokono pia. Nyama zote zisizo na uti wa mugongo ziko hatarini kwa kipimo hicho, na zingine kwa kipimo kidogo zaidi. Maji ya bahari safi yenyewe yako na shaba chini ya sehemu moja ya elfu ya miligramu kwa lita, na mu maji ya namna hiyo njo anemoni ilizaliwa.

Sasa tuweke hesabu ile karibu na kazi yetu. Ku elektrolize tunahesabu shaba kwa grama, hapana miligramu. Tuseme grama 40 kwa lita, hesabu ya kawaida. Tone moja la maji ya namna hiyo, tone lenye kubaki ku ncha ya ganti, liko na miligramu 2 za shaba. Tupa tone hilo mu ndoo ya lita 10 za maji ya bahari: umefika 0.2. Tone moja, ndoo moja, na anemoni inakufa. Mililita moja tu, yaani matone ishirini, inatosha kwa sanduku yote ya kamarade yule.

Nyongeza ya kushangaza: OMS inaruhusu mpaka miligramu 2 za shaba mu lita ya maji ya kunywa. Ni mara kumi ya ile dawa. Kwa hiyo mama anaweza kuchota maji ku robine, akapika chai, watoto wakanywa bila shida, na maji yaleyale yakaua anemoni. Mwili wetu unahitaji shaba kidogo, na ini linatupa yenye kuzidi. Anemoni haina ini. Ngozi yake nyembamba njo kila kitu kwake, na maji yanapita ndani na inje mchana na usiku.

Watu wa meli walijua mambo hayo mbele ya watu wa akwariumu. Mwaka 1761 Waingereza walifunika tumbo la meli yao ya vita Alarm kwa bati za shaba, kusudi funza wa baharini wasitoboe mbao na majani yasiote. Ilifaa sana. Lakini shaba ilikuwa inaliwa na chumvi, inaisha. Mwaka 1824 mutaalamu Humphry Davy akatafuta dawa: akafunga vipande vya chuma na zinki ku shaba, na kweli shaba ikaacha kuliwa. Akafurahi. Kiisha meli zikarudi zimejaa konokono na majani tumboni, zinatembea pole kama muzee. Njo walielewa kwamba shaba haikulinda meli kwa ugumu wake. Ililinda juu ilikuwa inayeyuka kidogo kidogo na kutia sumu mu maji karibu nayo. Mpaka leo rangi nyingi za kupaka chini ya meli ziko na shaba ndani. Bahari nzima haisikii. Lakini lita 200 mu salon, inasikia.

Kwa hiyo, mu nyumba ya mutu wa Kapata, mbele ya kusema habari ya taa ao chakula, sheria ya kwanza ni kufunga mulango kwa shaba. Inaingia kwa njia nyingi kuliko munavyofikiri.

Inaingia kwa mikono. Fundi anarudi kazini, ananawa mbiombio, anaingiza mukono kutengeneza jiwe lenye kuanguka. Vumbi iko chini ya kucha na mu mistari ya ngozi. Mimi ninasema: mwenye kufanya kazi ya shaba asiingize mukono kabisa. Aache mutoto ao mama afanye, ao anunue ganti ndefu ya mpira yenye kutumika kwa kazi hiyo tu. Na salopeti isivuliwe mu salon. Hii ya salopeti tunaisema kila mwaka mu mikutano ya sendika, na si juu ya anemoni. Uchunguzi wa wataalamu wa Université de Lubumbashi na wenzao wa Leuven, wenye kutangazwa mwaka 2018, ulikuta kobalti nyingi mu mukojo wa watu wa Kasulo, hapa Kolwezi kwetu, na zaidi mu ule wa watoto, kupitia vumbi. Mutoto haonyeshi haraka kama anemoni. Hiyo njo tofauti.

Inaingia kwa bomba. Bomba la shaba, robine ya shaba nyeupe ao nyekundu, maji yakilala ndani usiku yanakula metali. Maji ya mvua yenye kutoka ku malata si bora: malata inatoa zinki, na juu ya malata ya Kolwezi kuna vumbi ya barabara ya makamyo. Kisima, usifikirie. Wenye kufuga vizuri wanapitisha maji mu chujio ya osmosi, ile yenye utando mwembamba wa kuzuia hata chumvi, kiisha wanatia wenyewe chumvi yenye kutengenezwa kwa ajili ya akwariumu. Chumvi ya jikoni haifai, juu iko karibu sodiamu na klorini tu, na bahari iko na magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine. Gramu 35 kwa lita. Sanduku ya lita 200 inakula kilo 7 kuanza, na ukibadilisha lita 20 kila wiki, unamaliza kilo zaidi ya 36 kwa mwaka. Ni chumvi ya kuagiza na kulipa kwa dola. Mwenye kuhesabu sanduku na samaki peke yake, na asihesabu chumvi, ataacha mbele ya Noeli.

Na inaingia kwa vitu vidogo: sarafu mutoto anaangusha, waya ya kuran yenye kufunga taa, mupira wa kumwagilia wenye kichwa cha shaba.

Kamarade yule aliosha sanduku, akabadilisha maji yote, akangoja miezi miwili, akatia anemoni mupya. Ikakufa. Watu wakaanza kusema maneno ya uchawi. Hapana. Shaba inashika ku mawe ya chokaa na ku muchanga wa matumbawe, inalala pale, kiisha inarudi mu maji pole pole kwa miezi. Sisi wenyewe tunajua shaba inashika ku mawe, njo kazi yetu! Mawe yenye kupata dawa ya shaba hayafai tena kwa anemoni. Wengine wanaweka makaa ya kuchuja ao resini ya kuvuta metali, na inasaidia, lakini mimi ningetupa mawe. Na samaki akigonjwa tena, atolewe, atiwe dawa mu beseni la pembeni lisilo na mawe. Samaki njo aende lopitalo, lopitalo isiletwe mu nyumba ya anemoni.

Ukishafunga njia za shaba, yale mengine yanafuata, na hayana uchawi. Sanduku mupya haipokei anemoni. Uchafu wa samaki unatoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria zinaigeuza nitriti, sumu pia, kiisha nitrati, yenye ukali mudogo. Bakteria hizo zinahitaji wiki nne mpaka nane kuzaa za kutosha, na anemoni inataka zaidi ya hapo: miezi sita, maji yametulia kabisa. Joto likae kati ya digrii 24 na 27. Mu Kolwezi hii si kazi ndogo. Mwezi wa sita na wa saba usiku unatupiga baridi, sanduku inahitaji ka-resistansi ka kupasha. Mwezi wa tisa na wa kumi, mu nyumba ya malata, maji yanapanda mpaka 30, na hapo anemoni inaanza kutapika rangi yake.

Kutapika rangi, nieleze. Anemoni za nchi za joto ziko na majani madogo yasiyoonekana kwa macho, yenye kuishi ndani ya mwili wake. Majani yanakula mwanga na kumulipa mwenye nyumba kwa sukari. Ni kontra kati yao, na kwa mimi ni kontra nzuri kuliko nyingi nilizosoma. Joto likizidi, ao mwanga ukikosa, majani yanafukuzwa, anemoni inabaki nyeupe kama karatasi, inaanza njaa. Mwaka 1998 maji ya bahari ya Hindi yalipashwa sana, na kutoka Kenya mpaka Zanzibar na Mafia matumbawe yalikuwa meupe, mengi yakakufa. Kwa hiyo mu sanduku taa kali inahitajika, saa 8 mpaka 10 kwa siku. Chakula kidogo juu yake: kipande cha kamba ao samaki wa bahari, kidogo kama ukucha, mara moja ao mbili kwa wiki. Wengi wanaua kwa kulisha sana.

Kule pwani, samaki klauni wenyewe wanasaidia. Kati ya Kenya na Durban kuna wa aina Amphiprion allardi, mweusi na kahawia na mistari mbili meupe, wanakaa kati ya minyiri bila kupigwa, juu ute wa ngozi yao hauamshi ile mishale. Wanafukuza wenye kutaka kula anemoni, uchafu wao unalisha majani ya ndani, na usiku wakipepea wanaleta hewa. Ni familia ya ajabu pia: wote wanazaliwa dume, na mukubwa wa nyumba anageuka jike. Mama akikufa, baba anachukua nafasi ya mama. Watoto wa Nemo hawakuambiwa hiyo.

Hewa njo shida yetu nyingine. Kolwezi iko juu zaidi ya mita 1,400, na ku urefu huo maji yanashika oksijeni pungufu karibu asilimia 15 kuliko ku Lobito. Kuran ikikatika, na inakatika, pompi inasimama, na oksijeni inaisha haraka. Mwenye feza anaweka batri na panneau ya jua. Asiye nayo, kuna njia ya zamani, na hiyo ningependa mufahamu vizuri, juu ni habari ya kazi.

Mwaka 1846 bibi Anna Thynne wa London alileta matumbawe hai kutoka Torquay ku pwani, na kuyaweka mu nyumba yake mujini. Hakukuwa pompi, hakukuwa kuran. Maji yalihitaji hewa. Basi mutumishi wa nyumba alisimama mbele ya dirisha wazi, akamwaga maji kutoka chombo kimoja mpaka kingine, akarudisha, akamwaga tena, nusu saa mpaka robo tatu ya saa, kila siku. Vitabu vinamuhesabu bibi Thynne kati ya watu wa kwanza wenye kuweza kuchunga bahari mu nyumba. Sawa. Lakini pompi ya kwanza ya akwariumu ilikuwa mikono ya mufanyakazi, na sijaona sanamu yake popote.

Kuran ikikatika kwako, fanya kama yeye: kikombe cha plastiki, chota, inua, mwaga, dakika kumi, pumzika, anza tena. Inatosha kuokoa usiku moja.

Na kama munafikiri bila mashini haiwezekani kabisa, sikieni hii ya Scotland. Mwaka 1828 mutaalamu John Dalyell alitoa anemoni moja mudogo mwekundu ku mawe ya North Berwick, akaiweka mu chupa ya kioo Edinburgh. Dalyell akakufa mwaka 1851, anemoni ikabaki. Ikapita kwa mwingine, na mwingine, na mwishowe ku bustani ya serikali ya Edinburgh, watu wakaiita Granny, yaani Nyanya. Maji yake yalibadilishwa mara kwa mara na maji mapya ya bahari, ililishwa kipande cha chaza, na hiyo tu. Mwaka 1857 ilizaa watoto zaidi ya 200 kwa usiku moja. Ilikufa mwaka 1887, gazeti likaandika tangazo la kifo chake kama la mutu mukubwa. Miaka karibu sitini mu chupa, bila taa, bila resistansi. Iliweza juu ni aina ya pwani ya baridi, yenye kuzoea maji kupanda na kushuka, isiyo na mahitaji ya zile za matumbawe. Na pia chupa yake ilikuwa kioo, na ndani hakukuwa shaba hata kidogo.

Dalili za kufa muzijue, juu saa zinahesabiwa. Anemoni yenye afya inanata ukigusa, mudomo umefungwa, muguu umeshika. Kusinyaa kwa saa chache si ugonjwa. Inatoa uchafu, itajaa tena. Ikitembea, inatafuta mahali pazuri. Funika mudomo wa pompi na sponji isivutwe. Lakini mudomo ukibaki wazi, muguu ukaachia, na vipande vinaanza kutoka, itoe palepale, hata kama mutoto analia. Anemoni yenye kuoza inaua sanduku yote mbele ya asubuhi.

Kusema kweli, wengi wetu hatutanunua kitu hicho, na sioni haya kusema tusinunue. Mushahara hauruhusu, na anemoni nyingi za biashara zinatolewa baharini, zinakufa mu mikono ya watu wasiojua. Lakini jamaa yake iko kwetu. Mu Tanganyika, kwa ndugu zetu wa Kalemie na Moba, kuna konyeza wa maji baridi, kapana kama sarafu, Limnocnida. Mujerumani Richard Böhm alikaona mwaka 1883, na Mwingereza Moore akaandika kitabu kizima mwaka 1903 kusema ziwa lile lilikuwa zamani kipande cha bahari, juu kanafanana sana na konyeza wa bahari. Wenzake wakamukatalia.

Na karibu zaidi kuna hidra. Ni kama anemoni ya urefu wa sentimita moja ao chini, kamba nyembamba yenye minyiri sita ao saba, yenye mishale ileile ya sumu, isiyoumiza mutu. Inaishi mu maji baridi karibu dunia nzima, chini ya majani ya mu mabwawa, na yenyewe pia inakufa kwa shaba kidogo, mpaka maabara zinaitumia kupima sumu ya metali. Mwezi wa pili 2025, ukuta wa bwawa la uchafu wa mine ulipovunjika kule Zambia na asidi ikaingia mu muto Kafue, watu waliona samaki wakufa wakielea na Kitwe ikakatiwa maji. Viumbe vidogo vya namna ya hidra hakuna aliyeviona, juu hakuna aliyekuwa anavitazama.

Mwalimu ao muzazi mwenye kutaka kujaribu: chukua chupa ya kioo, chota maji na majani ya bwawa lenye kuwa mbali na mine, kwa ndoo na kamba, bila kuingiza miguu juu ya bilharzia. Weka ku dirisha isiyo na jua kali. Ngoja siku mbili tatu bila kutikisa. Tazama ku ukuta wa kioo, upande wa mwanga: utaona nyuzi ndogo za kijani ao kahawia, zinapepea. Ukigusa na ncha ya jani inajikunja mpaka nukta. Ilishe vidudu vidogo vya maji vyenye kurukaruka. Kiisha fanya chupa ya pili na maji ya muto wa karibu na nyumba, hamisha hidra tatu mbele ya watoto, waandike tarehe na saa, wachore minyiri kila asubuhi. Haisemi kama maji yanafaa kunywa ao hayafai. Hiyo ni kazi ya maabara. Lakini mukikuta minyiri imefupika mu chupa ya pili na imenyooka mu ya kwanza, muniletee michoro ku ofisi ya sendika, na tarehe zake.